Tutazungumza Watakapokuja

Korongo la Mierebi
6 Aprili 2014

Mwanangu Verlinda,

Huku tuko wazima, kwa kiasi cha watu ambao mvua imewasahau. Mama yako mdogo anasema nianze na kondoo, kwa hiyo naanza na kondoo: wamezaa vizuri, na mmoja katoka na doa jeusi pajini kama lile kovu lako ulilopata ulipoanguka jikoni kwetu. Tumempa jina lako. Mama yako tulimwona kwenye mkutano wa kata, anamwambia kila mtu kwamba binti yake anafanya kazi ndani ya mahakama ya shirikisho, jengo lenye lifti. Mzee Cly akamuuliza, "Anaiendesha yeye hiyo lifti?" Mama yako hajamsemesha tangu siku hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Unalijua jicho langu la kulia. Oktoba ya mwaka juzi walinitoa mtoto wa jicho pale hospitali ya serikali, na kesho yake likaanza kuwaka kama limetiwa kaa. Nikapiga simu kutoka dukani. Muuguzi akasema, "Ni kawaida, mzee Tohannie, tia matone." Nikapiga tena. "Si nilikwambia ni kawaida?" Nilipopata pikapu ya kunipeleka, daktari aliyenipasua alilitazama kidogo, akatoka nje, na hakurudi. Alimtuma mwingine aje kuniambia jicho limekufa. Basi la shule nililokuwa naliendesha likaenda na jicho hilo. Sasa kijana mwingine analiendesha, na mama yako mdogo anasema analikanyaga kama anakimbia deni.

Nilipeleka dai langu kwao mwaka jana kwenye ile fomu yao, maana sheria inataka uwadai wao kwanza kabla hujafika kwa jaji. Kimya. Nimeambiwa kimya cha muda huu wote ni sawa na kukataa, na sasa naruhusiwa kufungua kesi. Wakili wa mjini Gallup aliniambia jicho moja la mzee halimlipii hata petroli. Kwa hiyo nitajiandikia mwenyewe. Nitumie ile karatasi ya watu wasioweza kulipa ada ya mahakama.

Sitaki utajiri, mwanangu. Nataka yule daktari aje akae mbele yangu, nimwone uso, wakati jicho la kushoto bado linanisaidia. Nalo limeanza kuona ukungu. Wanasema macho ni ndugu, moja likifa jingine huugua kwa majonzi.

Ni mimi baba yako mdogo,
Herbert Tohannie


Albuquerque
19 Aprili 2014

Baba mdogo, nakuamkia.

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya moshi wa nyumbani, nikaiweka mezani siku nzima kabla ya kuifungua. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina joto, na jirani anapika vitunguu usiku na mchana. Mwambie mama mdogo namshukuru kwa kondoo, ila wasije wakamchinja mwenye jina langu bila kuniambia.

Karatasi ulizotaka ziko humu. Moja ni ya kufungulia kesi, nyingine ni ombi la kusamehewa ada. Hii ya pili inauliza mapato yako, mali yako na watu unaowalisha. Tafadhali jibu kila swali. Pasipo na kitu andika "hakuna". Ukiacha pengo, wanairudisha.

Sasa naomba unielewe, baba mdogo. Kwenye dirisha letu kuna bango linalosema makarani hawaruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Naweza kukupa karatasi. Siwezi kukuambia uandike nini ndani yake, wala kama ulichoandika kinafaa. Nimemweleza msimamizi wangu, Bibi Abeyta, kwamba mlalamikaji ni baba yangu mdogo. Akavua miwani. Akasema, "Binti, uko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwaka. Faili hilo si lako. Likipita mbele yako, litazame kama unavyotazama mvua ya mji mwingine."

Kazi hii ndiyo inayomlipia mama dawa zake. Najua hukuniuliza, nimesema tu.

Jicho la kushoto nenda ukalionyeshe. Kama hutaki kurudi hospitali ile, nenda nyingine.

Mwanao,
Verlinda Etsitty


Korongo la Mierebi
25 Mei 2014

Mwanangu,

Marahaba. Karatasi zilikaa sana kwenye sanduku la posta kwa sababu hatukupata gari la kwenda dukani. Mwandiko umekuwa mkubwa, unisamehe. Sipigi kelele, ni ili niuone.

Tuliketi mezani mimi na mama yako mdogo kujaza ule umaskini. Pale palipouliza mifugo, nikaandika kondoo. Akaninyang'anya kalamu. "Kondoo wa nani?" Nikasema, "Wetu." "Wewe ulikuja kwa mama yangu na tandiko la farasi na njaa. Kondoo ni wa upande wetu. Wewe unachunga tu." Basi nikaandika "hakuna". Kwenye nyumba pia, hakuna. Ardhi, hakuna. Tulipomaliza akaisoma yote kwa sauti, kisha akasema, "Laiti ningeisoma hii kabla sijaolewa." Tukacheka mpaka kahawa ikapoa.

Kesi nimeiandika kama ilivyotokea. Nimeambatanisha nakala ya lile dai la mwaka jana waone kwamba nilianza kwao kwa adabu. Yote nimeyatia kwenye bahasha moja ya kahawia, ije kwako huko mahakamani.

Nimeifagia ile nyumba ya magogo. Paa lilikuwa linavuja upande wa kusini, nimeliziba kwa udongo. Upande wa magharibi, anapokaa mgeni wa heshima, nimetandaza ngozi mbili za kondoo. Daktari hawezi kuja peke yake, nadhani. Atakuja na mtu wa ofisi.

Kuhusu jicho la kushoto nitakwenda. Si sasa.

H. T.


Albuquerque
14 Juni 2014

Baba mdogo, nakuamkia, pamoja na mama mdogo na wote wa hapo.

Huku joto limeanza. Nimenunua viatu vya kazi vinavyonibana, na nimeambiwa vitalegea.

Bahasha yako imefika. Asubuhi hiyo kazi yangu ilikuwa kufungua barua, kwa hiyo niliifungua kabla sijajua ni yako. Niligonga muhuri ukurasa wa kwanza, nikampelekea mwenzangu. Ombi lako la kutolipa ada limekubaliwa. Wataupeleka wito kwa serikali bila wewe kulipa. Hizo ni habari njema na ziko wazi kwa mtu yeyote, kwa hiyo naruhusiwa kuziandika.

Nataka kukusimulia kisa. Si chako. Kabla sijaajiriwa kulikuwa na mfugaji mmoja aliyeishtaki hospitali ya serikali kama hivyo. Fomu yake ya dai ilikuwa na kisanduku cha kutaja kiasi cha fedha anachodai. Hakuandika namba. Aliandika maneno. Mawakili wa serikali wakamwambia jaji kwamba dai lisilo na namba si dai, na kwa kuwa si dai, basi hakuwahi kudai. Jaji akasema sheria iko upande wao. Kama mfugaji yule angepeleka fomu nyingine yenye namba kabla ya kutimia miaka miwili tangu alipoumizwa, angeokoka. Hakujua.

Ni kisa tu. Wazee hapa ofisini wanapenda kukisimulia.

Miaka yako miwili inatimia katikati ya Oktoba, sivyo? Nauliza kwa sababu napenda kukumbuka tarehe za nyumbani.

Verlinda


Korongo la Mierebi
20 Julai 2014

Mwanangu,

Marahaba. Viatu havilegei, ni mguu unaokata tamaa. Nunua vingine.

Mvua imekuja kwa hasira. Bonde lote la chini limekatwa, na duka lilikaa siku kadhaa bila mkate wala barua. Mama yako mdogo kapata mahindi mabichi kwa dada yake, nyumba nzima inanukia.

Yule mfugaji wako nimempenda. Mama yako mdogo alisema, "Mpumbavu." Mimi nikasema huenda hakusahau. Nikusimulie na mimi kisa. Huyu ni mimi, sina haja ya kujificha. Mwaka uliozaliwa niligonga mwana-farasi wa akina Cly kwa basi, asubuhi ya ukungu. Nikaenda kwao na mjomba wangu na kaka zangu. Tukaketi. Mwenye farasi akasema yote, jinsi binti yake alivyomlea kwa chupa ya maziwa, akalia, nami nikalia. Tukala. Wakasema tena. Jua lilipokuwa linashuka, shangazi yao ndiye aliyesema kitu gani kingetosha moyo upoe, na mjomba wangu akakubali, na tangu siku ile mzee Cly ni rafiki yangu, ingawa mdomo wake unaujua. Hiyo ndiyo nályééh, desturi yetu ya kufidiana kwa kuketi pamoja. Malipo huja mwisho, yakishapata njia. Nani aingie peke yake na bei mkononi kama muuza viazi, wakati aliyemuumiza bado hajaketi?

Kwa hiyo pale kwenye kisanduku mtu huandika ukweli. Mimi niliandika: "Tutazungumza watakapokuja."

Kila nikisikia gari natoka nje. Mama yako mdogo ameacha kuniuliza ni nani.

H. T.


7 Septemba 2014

Baba mdogo,

Sitaandika salamu ndefu, wala jina la mji. Barua hii nimepanda basi kwenda kuitia posta mbali na ofisi. Ukishaisoma, ichome.

Kisa cha mfugaji kilikuwa chako. Niliisoma fomu yako siku ile nilipofungua bahasha. Niliyaona maneno uliyoandika, na muhuri niliougonga ukatoka umepinda. Sipaswi kukuambia haya. Wakijua, nafukuzwa, na pengine hata kwenye ofisi nyingine hawatanichukua.

Tafadhali andika namba. Namba yoyote. Chukua fomu ile ile, ijaze upya, uitumie hospitali, si mahakama, ifike kabla ya katikati ya Oktoba. Watu hawa hawazijui desturi zetu, baba mdogo. Wakiona "tutazungumza" hawasikii mwaliko. Wanaona mlango uliosahauliwa wazi, na watapita humo kutoka. Hakuna atakayekuja kuketi. Sijawahi kuona mtu akija. Nakaa dirishani pale kila siku, napokea karatasi na kutoa karatasi, na walioumizwa na waliowaumiza hawaonani hata siku moja.

Andika namba, halafu uichukie. Mimi nitaichukia pamoja nawe.

V.


Albuquerque
12 Oktoba 2014

Baba mdogo, nakuamkia.

Sijapata jibu. Nilipiga simu dukani, mwenye duka akasema barabara ilikatwa tena lakini sasa inapitika, na kwamba alikuona umekuja kuchukua barua zako, mama mdogo akiwa amekushika mkono. Nikamwuliza kwa nini amekushika mkono. Akasema ana wateja.

Mama anasema misonobari imezaa karanga zake kwa wingi mwaka huu. Naomba mniwekee.

Niambie kama uliipokea.

Verlinda


Korongo la Mierebi
2 Novemba 2014

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kukuacha kwenye giza. Karanga zako ziko kwenye kopo, mama yako mdogo kalificha nisilifikie.

Niliipokea mapema. Tumeichoma kama ulivyosema, juu ya moto wake tukapasha kahawa. Hakuna atakayejua. Ulichokifanya nakijua ukubwa wake.

Fomu nyingine tulikuwa nayo. Niliketi nayo jioni kadhaa. Mama yako mdogo akasema, "Andika ya macho mawili, la pili liko njiani." Akataja namba, mimi nikaiandika kwenye kipande cha gazeti kuitazama. Ilikuwa namba nzuri. Ingenunua pikapu na kuchimba kisima. Nikajaribu kuiona kama jicho langu, na sikuweza. Lakini si hilo lililonizuia. Nilifikiri: nikitaja bei, wataituma bei, au watakataa kuituma. Kwa vyovyote vile, mtu aliyetajiwa bei hana sababu ya kuja. Nilikuwa na maneno hayo tu ya kumleta, mwanangu. Kuyafuta ni kumwambia asije.

Unasema hawaji. Huenda ni kweli. Wewe u msomi na unakaa kwao. Mimi nilibaki na ukungu na muda mfupi, nikachagua.

Mama yako mdogo hasemi nami sana siku hizi. Alisema tu, "Ulichagua kwa niaba ya mkono utakaokuongoza."

Usilie ofisini.

H. T.


10 Februari 2015

Kwa: Herbert Tohannie, mlalamikaji asiye na wakili
Sanduku la Posta, Korongo la Mierebi

Umeambatanishiwa amri ya mahakama kukubali ombi la mlalamikiwa la kufuta kesi. Mlalamikaji hakuwasilisha dai lenye kiasi maalumu cha fedha katika muda uliowekwa na sheria. Mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili. Kesi imefungwa.

Kwa niaba ya Karani Mkuu,
V. Etsitty, karani


Albuquerque
10 Februari 2015, jioni

Baba mdogo,

Nakuamkia, na sijui kama unaipokea.

Utapata bahasha mbili. Ile ya serikali ina jina langu chini. Mwenzangu anayeshika faili lako amelazwa kwa mafua makali, na kazi imerundikana. Nilimwambia Bibi Abeyta, "Hii ni ya baba yangu mdogo, uliniambia nisiiguse." Hakuinua kichwa. Akasema, "Jaji ameshaamua. Hiyo ni bahasha tu, binti, na bahasha haina undugu. Itoke leo." Nilisimama pale kidogo. Kisha nikaketi nikaichapa, nikatia sahihi, nikaikunja mara tatu kama tunavyofundishwa.

Ningeweza kukataa. Nimewaza mchana kutwa maneno ambayo ningemwambia, na yote ni mazuri, na sikuyasema. Majaribio yangu yaliisha Desemba. Hakuna aliyekuwa amenishika shingo.

Niliisoma amri yote. Ina kurasa nyingi. Jicho limetajwa mara moja, mwanzoni, kisha halitajwi tena.

Verlinda


Korongo la Mierebi
22 Februari 2015

Verlinda,

Mimi ni mama yako mdogo ninayeandika. Yeye anasema, mimi naandika, na nimemwambia nitaandika anachosema tu, hata kama ni upuuzi. Theluji imefika magotini. Kondoo mwenye jina lako ana mimba.

Anasema:

Mwanangu, marahaba, salamu yako naipokea. La kushoto nalo limekwenda, polepole, kama mtu anayeaga. Naona mwanga wa mlango, na kitu kikipita katikati yake naona giza la umbo lake. Zaidi ya hapo sioni.

Tulifungua kwanza ile ya serikali. Mama yako mdogo akanisomea. Nikamwambia arudie jina la chini. Akarudia. Hapo nikacheka, akadhani nimepatwa na kitu.

Muda wote huu nilikuwa nasikiliza gari. Nilisema watatuma daktari, na mtu wa ofisi. Kumbe wamekutuma wewe. Hawakuwa na mwingine wa kutia jina lake pale isipokuwa mtoto niliyempandisha basini miaka yote ya shule, akikaa kiti cha nyuma yangu kwa kuogopa wakubwa.

Sikulaumu. Ningekulaumu ningesema, unanijua. Lakini lile neno nililiandika na bado liko pale, na ngozi zimetandikwa tangu mwaka jana, na panya wameanza kuzitafuna kidogo kidogo. Mtu lazima aje. Naomba uje wewe. Usije kama mwanangu safari hii. Uje kama wao. Uketi upande wa magharibi, mimi niseme yote tangu ile simu ya kwanza, nawe usikilize mpaka mwisho, usinitetee wala usijitetee. Huna cha kulipa, najua. Tutafika mahali hapo tukifika.

Njoo asubuhi. Mlango wetu unatazama mashariki, unajua. Simama mlangoni kwanza, jua likiwa nyuma yako. Nitaona umbo la mtu amesimama. Halitakuwa na uso, na mimi nitalivika uso ninaoutaka.

Hayo ndiyo aliyosema. Sasa mimi: njoo. Na ulete viazi na kahawa.


Albuquerque
3 Machi 2015

Baba mdogo, mama mdogo,

Nitafika Jumamosi asubuhi na mapema. Mama atanileta mpaka kwenye lango, kisha nitatembea mwenyewe.

Bibi Abeyta aliniuliza ruhusa ni ya kwenda kwa nani. Nikamwambia kwa baba yangu mdogo, akaigonga muhuri. Sikumwambia nakwenda kama nani.

V.